Pepo Aliyetaka Chai ya Sukari

Nitaanza na kosa lenyewe, kwa sababu najua mna haraka na huenda msifike mwisho.

Mimi nilikuwa daktari wa kuhesabu. Vidonge vya mgonjwa nilihesabu mara mbili, mapigo ya moyo mara mbili, pumzi za mtoto mara mbili, na nikitoka nyumbani asubuhi nilihesabu funguo mara mbili ingawa zilikuwa mbili tu. Na pamoja na hesabu zote hizo nilikaribia kumuua bibi mmoja wa Shella, hapa Malindi, kwa dawa niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, ikiwa imehesabiwa sawasawa, haikupungua wala haikuzidi.

Basi nyinyi mlioingia wodini juzi, makoti yenu meupe bado yana mikunjo ya dukani, kaeni kidogo. Simu zenu ziwekeni kifudifudi. Sitawafundisha kitu ambacho hakimo vitabuni. Nitawaeleza kile ambacho vitabu havikuwahi kukaa nacho barazani.

Mamangu aliuza leso sokoni. Nimelelewa chini ya meza ya leso, na kabla sijajua kusoma nilijua kutazama miguu ya mnunuzi. Uso unaweza kusema "leso hii siitaki kabisa" huku miguu imeganda pale pale. Mama aliniambia jambo moja ambalo chuo kizima cha udaktari hakikuniambia: mtu akikubali bei ya kwanza, huyo hanunui. Anatafuta njia ya kuondoka bila kukuudhi.

Nililisahau neno hilo kwa miaka sita ya masomo. Wiki yangu ya kwanza hospitalini alikuja mzee kutoka upande wa Ganze, presha iko juu. Nikamhutubia robo saa nzima juu ya chumvi, mafuta, tumbaku na pombe ya mnazi. Kila nilichosema alijibu, "Ndiyo, daktari." Chumvi? Ndiyo, daktari. Mnazi? Ndiyo, daktari. Nikafurahi, nikajiona mhubiri. Alipotoka, Sista Kadzo, muuguzi mkuu wa wodi yetu, mwanamke aliyekuwa kazini tangu mimi nikiwa na meno ya utoto, aliendelea kukunja mashuka.

"Umemaliza naye?" akaniuliza.

"Nimemaliza. Amekubali yote."

"Yote?"

"Yote, Sista."

"Basi hatumwoni tena."

Na hatukumwona tena. Tangu siku hiyo nikarudi chini ya meza ya mamangu. Nikaacha kuhutubia, nikaanza kupatana. Mgonjwa anayebishana nawe, wanangu, huyo ni mteja. Mshikeni. Anayesema ndiyo, ndiyo, ndiyo, mtazameni miguu.

Sasa huyo bibi. Bi. Mwanaisha alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mpika mahamri, na katika maisha yangu yote sijakutana na mtu aliyenishinda kupatana isipokuwa yeye. Alikuja kliniki na sukari iliyopanda mpaka macho yanaona ukungu. Nikamuuliza swali la kwanza.

"Bibi, asubuhi unakula mahamri mangapi?"

"Machache."

"Machache mangapi?"

"Si mengi."

"Bibi."

"Sita. Lakini madogo, mwanangu. Wallahi, ukiyaona utanihurumia."

"Niletee moja nilione."

Kliniki iliyofuata akaleta moja, limefungwa kwenye kitambaa. Hamri lenyewe lilikuwa na ukubwa wa kiatu cha mtoto wa darasa la kwanza. Kwa ajili ya uchunguzi wa kisayansi nikalila. Kisha tukaanza kazi. Mimi nikasema moja. Yeye akashika moyo, akamwita Mungu, akainuka kama anayeondoka, lakini miguu haikuondoka. Akasema matano. Nikasema moja na nusu. Akasema mamake alikula manane na alifika miaka tisini. Nikamwambia mamake alikuwa akichota maji kisimani, yeye anafungua bomba. Hapo akaketi tena, nikajua nimempata. Tukafunga kwa mawili, na mbaazi za nazi, na chai isiyo na sukari. Tena nikamtaka aache kupika ya ziada, maana hamri likibaki nyumba moja na mpishi wake, mnajua kitakachotokea. Akakubali kwa shingo upande. Nilitoka pale nikijiona mtoto halali wa muuza leso.

Dawa tukaanza na kidonge kimoja kwa siku. Sukari ikashuka, lakini haikufika nilipotaka. Nikamwandikia viwili. Mwezi uliofuata sukari ilikuwa pale pale. Nikamwambia alete dawa zilizobaki, nami nikamwaga kopo lake la kahawa juu ya meza, nikahesabu. Zilizobaki zilikuwa zile zile zinazotakiwa kubaki. Nikahesabu tena. Hakuna ila. Basi nikasema mwili wake ni mgumu, nikaandika vitatu. Sukari haikutikisika. Nikaandika vinne.

Mwezi mmoja wa vinne ni vidonge mia na ishirini. Akaja siku ya ishirini na nane. Nikamwaga kopo: vinane. Nikahesabu tena: vinane.

"Bibi, unakunywa sawasawa."

"Hesabu si unaiona?" akasema.

Naiona. Nikamshauri aanze sindano za insulini, akanijibu kwamba yeye si mto wa fundi cherehani. Nikampa mwezi mmoja afikirie.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo niliposinzia nikiwa macho. Bi. Mwanaisha alipenda kuongea, na mimi nilipenda kumsikiliza, kwa sababu foleni ya kliniki bila soga ni kama kungoja mvua ya mwaka kesho. Siku hiyo hiyo ya vidonge vinane, huku mimi naandika, akanipa habari za mtaa. Jirani yake Mama Furaha, Mgiriama mmoja mkaanga viazi karai, amepandwa na pepo.

"Pepo gani?"

"Wa saa nne asubuhi. Anaanza kutetemeka, jasho linamtoka kama aliyeoga, maneno yanaenda upande. Wamempeleka kwa mganga wa kule Kakoneni. Mganga akakaa naye, akauliza, akatambua. Pepo huyo hataki damu wala ubani. Anataka chai ya sukari, vijiko vinne, kwenye kikombe cheupe."

"Na akipewa?"

"Anatulia pale pale! Kabla kikombe hakijaisha."

Nilicheka mpaka kalamu ikaniponyoka. Nikamwambia pepo wa Malindi siku hizi wamekuwa watalii. Tukacheka sote wawili. Kisha nikaita, "Anayefuata!"

Daktari gani mimi? Dalili zote tatu nimeletewa mezani, saa imetajwa, dawa imetajwa, hata idadi ya vijiko, nami nacheka.

Wiki tatu baadaye Bi. Mwanaisha akaletwa na wifi yake, Bi. Rukia, mwanamke mnene mwenye sauti ya adhana. Alikuwa anachoma mahamri (yale mawili, aliniapia) na kaa la moto likadondoka, likaingia ndani ya ndara yake, karibu na kidole kidogo cha mguu wa kulia. Sukari ya miaka ilikuwa imeufisha ganzi mguu ule. Hakuhisi kitu. Alisikia harufu ya kuungua, akapanda dirishani kumgombeza jirani wa upande wa pili kwamba anaunguza mkate wa sinia. Jirani akaapa kwamba leo hajapika. Wakazozana muda mzima huo, mpaka Bi. Rukia alipoingia akauliza mbona mguu unatoa moshi.

Kidonda kikaoza. Nikamlaza. Daktari wetu wa upasuaji, kijana safi mwenye kucha fupi na maneno mafupi zaidi, akautazama mguu, akatazama karatasi zangu. Sukari iko juu miezi mitano. Vidonge vimeongezwa mara tatu, havifanyi kitu. Sindano amekataa. Kidonda hakiwezi kupona kwenye sukari kama ile.

"Chini ya goti," akasema. "Ijumaa."

Ilikuwa Jumatatu. Bi. Mwanaisha aliposikia hakulia. Alinitazama mimi, si mpasuaji.

"Mwanangu, mie nasimama kwa jiko. Mtu anakanda unga kwa mikono lakini anaukanda akiwa amesimama. Ukinikalisha umenizika."

Nikamwambia tutaona. Hilo ni neno la daktari asiye na kitu mfukoni. Nikawaagiza wauguzi: vidonge vyake ni vinne, viwili asubuhi na viwili jioni, na mtu asimame pale mpaka avimeze. Angalau hapa, nikasema moyoni, nitaona dawa ikifanya kazi kwa macho yangu.

Nikaiona.

Jumatano, saa nne asubuhi, tuko kwenye raundi, mimi na wanafunzi watatu. Tukafika kitanda chake. Uji wa hospitali ulikuwa pale kando, haukuguswa, kwa sababu alisema uji usio na nazi ni gundi ya kubandikia matangazo. Aliniona, macho yakang'aa.

"Bwana Shee!" akasema. "Umeivaa tena shati hiyo?"

Bwana Shee alikuwa mumewe, marehemu wa miaka kumi na moja. Wanafunzi wakaanza kucheka. Mimi nami, mkuu wa wodi, nikacheka.

"Nimekwambia shati hiyo nitaifanya dekio. Nenda kaivue. Tena kuku umemfungia nje!"

Tukazidi kucheka. Aliyekuwa hacheki ni Sista Kadzo. Alipita nyuma yetu na sinia yake, akasimama, akaweka kiganja nyuma ya shingo ya Bi. Mwanaisha, kisha akakigeuza na kunionyesha. Kilikuwa kimelowa.

"Daktari," akasema taratibu, "huyu yuko chini ya feni."

Nikachoma kidole chake, nikaweka tone kwenye mashine. Namba iliyotokea ilikuwa ndogo kuliko yoyote niliyowahi kuiona kwa mtu ambaye bado anaongea. Na mnajua mkono wangu ulifanya nini? Ulichukua kijiti kingine. Nilitaka kupima mara ya pili.

"Hesabu ya pili utaifanya akiwa hai," Sista Kadzo akasema. Alikwisha kunikabidhi bomba la sindano lililojaa maji ya sukari.

Kufikia hapo Bi. Mwanaisha alikuwa ameacha kusema. Macho yalikuwa yamegeuka. Nikatafuta mshipa mara ya kwanza, nikaukosa. Wanafunzi hawakucheka tena. Mara ya pili nikaupata, nikasukuma polepole, nikiomba kwa lugha zote ninazozijua na moja nisiyoijua. Nilihesabu pumzi zake. Sikuzihesabu mara mbili. Nilihesabu moja moja, kila moja kama ya mwisho.

Akafumbua macho. Akatazama dari, akatazama sindano.

"Bwana Shee ameondoka?"

"Ameondoka zamani, bibi."

"Afadhali." Kisha akalamba midomo. "Mmenitia nini?"

"Sukari."

"Ala! Si nyinyi mlioniambia sukari itaniua?"

Wodi nzima ikaangua kicheko, hata mgonjwa wa kitanda cha kona aliyekuwa amekataa kuongea tangu Jumapili. Mimi sikuweza. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikawaza: jasho, kutetemeka, maneno kwenda upande, saa nne asubuhi, sukari, akatulia pale pale. Habari hii nimeisikia wapi?

Nikaisikia tena kwa sauti yake mwenyewe. Vijiko vinne, kwenye kikombe cheupe.

"Bibi," nikasema, "vile vidonge vinne. Ulikuwa unavinywa vyote wewe?"

Akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Vilikuwa vinakwenda vinne."

"Vinakwenda wapi?"

Akaanza kunigeuzia kibao, kama wapatanaji wote waliobanwa ukutani.

"Wewe nawe! Ni nani aliyeniambia nisipike mahamri ya ziada?"

"Ni mimi."

"Basi. Mama Furaha kila siku ananiletea bakuli la viazi. Zamani bakuli lilikuwa linarudi na mahamri mawili. Wewe ukanikataza. Bakuli la watu nilirudishe tupu? Mie mwanamke wa wapi? Nikafikiri, nina nini ndani ya nyumba? Nikaona vidonge. Naye alikuwa analalamika kizunguzungu na kiu, kama mimi tu. Nikamtilia kimoja. Kila siku kimoja changu, kimoja chake, ndani ya karatasi."

"Na viwili vilivyobaki?"

"Vya wifi yangu. Yeye mnene, kimoja hakitamtosha."

Nawaomba mwione akili ya jambo hili kabla hamjacheka. Mimi nilifikiri namwandikia mgonjwa mmoja dawa, kumbe nilikuwa nawahudumia wanawake watatu wa nyumba mbili. Kila kidonge nilichomwongezea kilikwenda kwa mtu mwingine. Yeye mwenyewe tangu siku ya kwanza alikuwa anakunywa kile kile kimoja, mpaka nilipomsimamishia muuguzi wodini ameze vyote vinne. Na kopo likija kwangu, hesabu inatimia, kwa sababu alikuwa mwaminifu kwa hesabu kuliko mimi. Nilihesabu vidonge mara mbili. Midomo sikuihesabu hata mara moja.

"Na hivyo viazi," nikauliza, "ulikuwa unavila?"

"Viazi hukuniuliza. Uliniuliza mahamri."

Saa ya kuwaona wagonjwa wakaja wote wawili, Bi. Rukia na Mama Furaha, na bakuli. Nikawaketisha kwenye benchi, nikawapima. Bi. Rukia sukari ilikuwa juu kweli. Bila kujua alikuwa anatibiwa, tena si vibaya. Mama Furaha sukari yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Hakuwahi kuwa na ugonjwa huo siku hata moja. Kwa hiyo Bi. Mwanaisha, bila mashine wala cheti, alipatia mgonjwa mmoja kati ya wawili. Nimefanya kazi na madaktari wenye wastani mbaya zaidi.

Nikamweleza Mama Furaha taratibu. Kizunguzungu chake cha mwanzo kilitokana na kusimama juani mbele ya karai pasipo kunywa maji. Kilichokuja baadaye, cha saa nne, kililetwa na kidonge. Akiacha kidonge, pepo ataondoka.

Uso ukamwanguka.

"Na chai ya sukari?"

"Huihitaji tena, mama."

Akasogea karibu, akanong'ona. "Daktari, usimwambie mume wangu. Kwa pepo analeta kilo nzima ya sukari bila kuuliza. Kwangu mimi anauliza ile ya juzi imekwenda wapi."

Sikumwambia mumewe. Siri ya mgonjwa ni siri. Pepo yule, nasikia, aliondoka polepole sana, kwa muda wa karibu mwaka.

Kuhusu mganga wa Kakoneni sitasema mengi, ila haya. Alimuuliza mgonjwa jambo hilo linakuja saa ngapi, linaanzaje, na linatulizwa na nini. Maswali matatu. Jina aliloupa ugonjwa si langu, lakini dawa aliyoiandika ndiyo ile ile niliyoisukuma mimi kwa sindano mbele ya wanafunzi. Nami niliyekuwa na mashine mezani niliuliza mahamri mangapi.

Ilibaki Ijumaa. Nikamwendea daktari wa upasuaji nikamwambia ukweli wote, pamoja na aibu yake. Dawa haijashindwa na sukari. Dawa haijawahi kukutana na sukari. Tukimpa viwili tu, akavinywa peke yake, akala chakula cha kweli, tukasafisha kidonda kila siku, mguu unaweza kupona. Nikataka siku kumi na nne. Akasema saba. Nikasema kumi na mbili. Tulikuwa tumesimama miguuni mwa kitanda, tumezama humo, mpaka sauti ikatoka kwenye mto.

"Mguu wa nani mnaoupatania hapo?"

Tukageuka.

"Wako, bibi," mpasuaji akasema.

"Basi semeni na mwenyewe. Wewe kijana, 'chini ya goti' ni bei ya kwanza. Mie nimekaa sokoni. Sema ya mwisho."

Kijana yule, Mungu amjalie, hakukasirika. Akavuta kiti, akakaa, akafungua bendeji, akamwonyesha. Hiki kidole kidogo kimekufa, hakirudi. Hiki cha jirani yake kinatia shaka. Zaidi ya hapo inategemea sukari.

"Hicho kidogo chukua," akasema Bi. Mwanaisha. "Huyo wa pili mpe siku kumi. Akipona wangu, asipopona wako."

"Siku kumi," mpasuaji akasema.

"Na ukikata, uhesabu mara mbili. Usije ukachukua cha nyongeza."

Siku ya kumi kidole cha pili kilikuwa chekundu, chenye joto, hai. Nilikigusa, nikakigusa tena. Ilichukua wiki nyingi za kusafisha na kufunga, na Sista Kadzo ndiye aliyeufunga mguu ule, si mimi, lakini Bi. Mwanaisha alitoka wodini kwa miguu miwili na vidole tisa, akilalamika juu ya uji.

Tangu hapo nilibadilisha kazi yangu, na hii ndiyo ninayotaka mwibebe. Kuhesabu sikuacha, mwageni kopo mezani, hesabuni mara mbili, hamjapoteza kitu. Lakini mkishahesabu, ulizeni nyumbani nani mwingine anaumwa hivi. Ulizeni vyakula vinavyokuja kutoka nje ya ua, siyo vinavyopikwa ndani tu. Mkimwondolea mtu kitu, hamri au chumvi au tumbaku, ulizeni kitu hicho kilikuwa kinafanya kazi gani nyingine. Mimi niliondoa mahamri mawili kwenye bakuli la jirani bila kujua kwamba bakuli lipo. Kuanzia mwezi uliofuata Bi. Mwanaisha na Bi. Rukia walikuja kliniki pamoja, kila mmoja na kopo lake, na bakuli la Mama Furaha likawa linarudi na ndimu.

Nimestaafu sasa. Nina sukari yangu mwenyewe na presha juu yake. Asubuhi hutembea kutoka kwangu mpaka kwa Bi. Mwanaisha, ambaye amezeeka lakini bado anasimama kwa jiko. Juzi nilifika, nikamwamkia, nikaomba mahamri mawili.

"Moja," akasema.

"Mawili, bibi. Mwenyewe nilikupa mawili."

"Mie nilikuwa na miaka sitini na nilikuwa nakanda unga. Wewe unakanda nini? Moja na nusu, na hiyo nusu ni heshima." Akalikata. Kisha akanyoosha mkono. "Lete dawa."

Jana yake nilikuwa nimepita duka la dawa, na mfuko ninao mkononi pamoja na karatasi ya daktari wangu. Akamwaga juu ya meza ya unga, akahesabu vidonge vya presha kwa kidole chenye vumbi jeupe. Akahesabu tena. Akaangalia karatasi.

"Pungufu kumi."

"Itakuwa vimebaki nyumbani."

"Mwanangu."

Nikatazama miguu yangu. Ilikuwa inataka kuondoka.

"Kuna mzee mmoja tunayeswali naye," nikasema. "Alikuwa analalamika kichwa na kisogo. Nikaona ni presha tu. Nikampa kipande kimoja cha vidonge kumi, ajisaidie mpaka atakapokwenda kliniki."

Bi. Mwanaisha akafuta unga mikononi kwa leso. Hakucheka, ingawa alikuwa na haki zote.

"Umempima?" akauliza.

Nilichukua hamri langu moja na nusu, nikarudi nyumbani kuchukua mashine ya kupimia presha.